Kipepeo wa Uani, Kipepeo wa Mlimani

Morogoro imebatizwa mji kasoro bahari, na kwa anayependa wadudu na ndege kasoro hiyo si kitu. Mji umekaa kwenye mwinuko wa kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, huku kilele cha Lupanga cha milima ya Uluguru, chenye mita 2,138, kikiwa kimesimama juu ya mapaa ya Kilakala na Bigwa. Mtu mwenye pumzi akitoka nyumbani alfajiri, mchana anakuwa ndani ya msitu wa ukungu, mahali ambapo joto ni pungufu kwa karibu nyuzi 10 kuliko alikotoka. Kwa anayeishi chini ya mlima wa namna hiyo swali linakuja lenyewe: anayekaa uani kwake na simu akipiga picha vipepeo na mijusi anafanya jambo lenye maana, au anajiburudisha tu wakati mambo yenyewe yako huko juu?

Majibu mawili ndiyo husikika zaidi. La kwanza linasema huo ni mchezo wa wastaafu na wageni. Mwenye haja ya kujua viumbe wa Uluguru apande mlima. La pili limeshamiri tangu simu zenye kamera nzuri zienee: kila picha ni sayansi, na tukipanda maua ya kutosha viwanjani mwetu tutakuwa tumeokoa viumbe. Yote mawili yananitatiza, hili la pili zaidi. Bustani ina kazi yake ambayo hakuna msafara wa watafiti unaoweza kuifanya, lakini kazi hiyo sio ile inayosifiwa.

Tuanze na mlimau. Karibu kila ua hapa mjini una mlimau, mndimu au mchungwa, na penye mti wa jamii hiyo hakosekani Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano mpauko, anayepapatika bila kutulia hata anaponyonya ua. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Yai ni la mviringo, la manjano, la kiasi cha milimita moja. Kiwavi anayetoka ni wa kahawia iliyokolea mwenye baka jeupe mgongoni, na hukaa juu ya jani peupe bila kujificha kwa sababu anafanana na kinyesi cha ndege, na hakuna ndege anayetamani kinyesi. Akikaribia ukubwa wake wa mwisho anabadili mbinu: anajivua ngozi na kuwa wa kijani chenye mabaka ya kahawia, mnene, kiasi kwamba asiyejua atadhani ni mdudu mwingine kabisa. Mguse kidogo nyuma ya kichwa uone. Pembe mbili laini za rangi ya chungwa zinachomoza, na harufu kali inatoka, ya ndimu iliyochanganyika na kitu kilichochacha. Ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi.

Jirani akiwaona viwavi hao atakushauri upulizie dawa, na ushauri wake si wa kijinga. Mche mdogo kwenye kitalu unaweza kuvuliwa majani yote kwa siku chache, na anayeuza miche ana haki ya kuwatoa kwa mkono. Mlimau mzima, uliokwisha kuzaa misimu kadhaa, hauna habari na viwavi kumi au kumi na watano. Isitoshe, wengi wao hawafiki mbali. Ndege huokota wengine, na pupa nyingi utakazozikuta zimefungwa kwa uzi kwenye kijiti zina tundu dogo ubavuni: humo wametoka nyigu wadogo wa milimita chache badala ya kipepeo. Dawa ya kupulizia huwaua hao nyigu pia, ndipo mwenye mti anapoanza kuinunua kila mwezi. Mtu akinilalamikia kwamba siku hizi uani kwake hapiti hata kipepeo, swali langu la kwanza ni kuhusu pampu ya dawa, sio kuhusu maua.

Maua kwa kweli yanasifiwa kupita kiasi. Ua ni mgahawa tu. Kipepeo anapita, anakunywa, anakwenda zake. Kinachomfanya akae ni jani ambalo watoto wake watalila, na kila aina ina jani lake. Mjohoro unaopandwa kwa ajili ya kivuli na kuni hulea Catopsilia florella, yule wa rangi ya kijani cheupe anayepita kwa makundi baada ya mvua akielekea upande mmoja. Mchongoma wa uzio hulea Phalanta phalantha, mdogo wa rangi ya chungwa mwenye nukta nyeusi. Marejea, ambayo wengi wanaijua kama mbolea ya kijani ya shambani, huwavuta madume wa Danaus wanaokuja kufyonza kemikali kwenye sehemu zilizonyauka, kemikali wanayoihitaji ili majike wawakubali. Kwenye matembele kuna Acraea acerata, ambaye huko Uganda na nchi za Maziwa Makuu ni adui halisi wa wakulima wa viazi vitamu. Sahani ya ndizi zilizochacha ikiwekwa kivulini mchana huwaita Charaxes, vipepeo wenye mwili mnene na mwendo wa kasi ambao hawajali maua kabisa. Wanapigana kwa mbawa wakigombea nafasi, na wakishalewa unaweza kuwasogelea kwa simu hadi sentimita chache.

Wageni hawa, ukiwaangalia vizuri, wengi ni wazururaji. Papilio demodocus yuko Afrika yote kusini mwa Sahara. Danaus chrysippus yuko kuanzia Afrika hadi Asia. Ni viumbe wa mahali pa wazi, pa magugu na vichaka na kandokando ya barabara, waliozoea kufuata binadamu na jembe lake. Jambo hili ndilo linaloamua bustani inaweza kutueleza nini na haiwezi kutueleza nini.

Inachoweza ni kurudia. Msafara wa watafiti hufika, hukaa majuma mawili, huondoka. Mwenye ua yupo Januari na Agosti, yupo vuli inapochelewa na masika yanapopitiliza. Mfano mzuri ni huyo huyo Danaus chrysippus, kipepeo wa kahawia-chungwa anayeruka polepole kama asiyedaiwa na mtu. Ana sababu ya kutojali. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe ya jamii ya Asclepias, sumu ya mmea inabaki mwilini hadi ukubwani, na ndege aliyewahi kumwonja hamrudii. Sasa yupo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, tofauti kabisa. Jike ameiga Danaus kwa rangi na kwa mwendo, hata mzoefu hulazimika kumtazama mara mbili. Mwenye kuangalia picha akague ukingo wa mbele wa ubawa wa nyuma: misippus ana doa moja jeusi hapo, wakati Danaus ana madoa machache katikati ya ubawa.

Mambo yanazidi kunoga kwa sababu Danaus wenyewe hawana sura moja. Wapo wenye ncha nyeusi ya ubawa iliyokatwa na utepe mweupe, wapo wasio na ncha nyeusi kabisa, na wapo wenye mbawa za nyuma nyeupe. Afrika Mashariki ndiko sura hizi zinakokutana na kuchanganyika, na majike wa misippus wanazo sura za kuiga zinazolingana nazo. Katika miaka ya 1970 mtafiti David Smith aliwafuatilia vipepeo hawa wawili jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, akaonyesha kwamba uwiano wa sura hizo haukai mahali pamoja. Unapanda na kushuka kadiri majira yanavyobadilika. Kazi ya namna hiyo haihitaji maabara. Inahitaji mtu yule yule, mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, ambaye anahesabu. Morogoro iko kilomita chini ya 200 kutoka Dar es Salaam, ina mvua tofauti na mlima kando yake, na simu zenye kamera zipo kila nyumba.

Wapo hata ambao watoto wao wanaoanguliwa ni wa kike watupu. Maeneo ya Nairobi na Kampala kuna majike wa Danaus ambao watoto wao wa kiume hufa mapema, wakingali kwenye yai, kwa sababu ya bakteria aitwaye Spiroplasma anayerithiwa kutoka kwa mama. Kisa cha jamii hii kilichunguzwa Kampala katika miaka ya 1960, pale Denis Owen wa Makerere alipogundua kwamba makundi fulani ya Acraea encedon yalikuwa karibu majike matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo mhusika alipopatikana, safari hiyo bakteria mwingine, Wolbachia. Mwenye bustani anaweza kukutana na dalili yake bila darubini: Acraea hutaga mayai kwa vifungu, na kifungu ambacho nusu ya mayai yake hayaanguliwi kinastahili kupigwa picha siku ya kwanza na kupigwa tena baada ya juma.

Mke wa Owen, Jennifer, naye mwanazoolojia, aliishi naye Uganda na baadaye Sierra Leone, wakichunguza viumbe wa bustani za nyumba zao. Waliporudi Uingereza, Jennifer aliamua kufanya hivyo hivyo kwenye kiwanja cha kawaida cha nyumba yake mjini Leicester. Alianza mwaka 1972, akaendelea hadi 2001, licha ya ugonjwa uliomdhoofisha mwili mwaka hadi mwaka, na akafikisha aina 2,673 za mimea na wanyama. Waingereza huitaja bustani hiyo kama fahari yao, na wachache wanakumbuka kwamba mazoea yenyewe yaliivishwa Kampala na Freetown.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mfano wa Leicester unahamishika hivi hivi. Uingereza ina vitabu vya kila mdudu, na Jennifer Owen alikuwa na wataalamu wa nyigu na wa nzi ambao angewatumia vielelezo kwa posta. Sisi kwa vipepeo tuna kitabu cha Jan Kielland cha mwaka 1990 kuhusu vipepeo wa Tanzania, kazi kubwa ya Mnorwe aliyeishi nchini kwa miaka mingi, lakini ni kitabu cha bei na cha kutafuta. Tanzania ina zaidi ya aina 1,000 za vipepeo. Nondo ni wengi kuliko hao kwa mbali, na kwa nyigu wale wa kwenye pupa ya mlimau mtu wa kawaida hana pa kuanzia.

Kwa hiyo kamera ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua kabla ya kununua lenzi. Vipepeo wakubwa hutajika kwa picha moja nzuri. Wale wadogo wa buluu wanaorukaruka kwenye nyasi hutambuliwa zaidi kwa nukta za chini ya ubawa, kwa hiyo picha ya juu peke yake, hata ikipendeza namna gani, haisaidii. Wengine hawatajiki kwa picha yoyote, mpaka mtaalamu awafungue chini ya darubini. Programu za simu zinazotaja jina papo hapo zimefunzwa kwa picha zilizopo, na picha nyingi zilizopo zimetoka Ulaya na Marekani. Afrika Kusini wamejitahidi. Tanzania tuko nyuma. Matokeo yake programu hukupa jina kwa kujiamini kumbe ni la binamu yake wa bara lingine. Iulize, lakini iulize kama unavyomuuliza njia mpita njia ambaye naye ni mgeni.

Ufundi wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Saa mbili asubuhi hadi saa tatu ndiyo saa ya picha, wakati kipepeo anaota jua na mbawa zake ziko wazi bila mwili kuwa na nguvu ya kukimbia. Saa sita utapata kivuli cheusi na kipepeo asiyeshikika. Sogea ukiwa chini, magotini, na usikubali kivuli chako kimpite. Piga ya kwanza ukiwa mbali, iwe ushahidi, ndipo usogee kutafuta ya kupendeza. Na kabla hujaondoka piga picha ya mmea aliokuwa juu yake. Picha hiyo ya mmea ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Picha iliyotiwa ukungu kidogo lakini ina tarehe, mtaa na jina la mmea naichagua kuliko picha kali ya kupamba kalenda iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, ikapunguzwa ukubwa, ikapoteza tarehe na mwenyewe.

Sasa tutazame upande ambao bustani haioni. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, na utajiri wake uko kwa viumbe wasioshuka. Kuna chozi wa Loveridge, ndege mdogo anayepatikana Uluguru peke yake duniani, na kuna tiva wa Uluguru, Malaconotus alius, mkaaji wa vilele vya miti mirefu, ambaye hata watu wa mlimani humsikia kuliko kumwona. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi idara ya wanyamapori Tanganyika kabla ya kwenda Harvard, alikusanya viumbe huku mwaka 1926, na tiva huyo akatangazwa kwa sayansi mwaka uliofuata. Chozi utakayempiga picha kwenye ua wa Mazimbu ni yule mwenye kifua chekundu, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Ni mzuri, hakuna ubishi. Lakini hana habari yoyote kuhusu hali ya ndugu yake wa juu.

Na hapo ndipo bustani inapoweza kupotosha. Msitu unapokatwa, vipepeo wa mahali pa wazi huongezeka. Mteremko uliokuwa msitu ukigeuka shamba la mahindi na magugu, Danaus, Junonia na wenzao hustawi, na mwenye ua aliye chini anaona vipepeo wengi kuliko zamani. Anafurahi, anaandika kwamba mazingira yanaimarika, wakati aina zinazohitaji kivuli zimepoteza makazi. Msitu wa chini wa Uluguru, ule wa mwinuko wa chini ya mita 1,000, umebaki vipande tu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 ikiwa na zaidi ya hekta 24,000 na sasa ikiwa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, inalinda zaidi sehemu za juu. Hesabu ya vipepeo wa uani bila kutaja ni wa aina gani haina maana yoyote. Hesabu inayotenganisha wa msituni na wa mahali pa wazi inaweza kusema kitu. Kwenye nyua zilizopakana na miti ya mlimani, Bigwa na Kilakala juu, hutokea mgeni kama Euphaedra neophron, mweusi mwenye utepe wa chungwa na mng'ao wa zambarau, anayeruka chini chini kivulini akitafuta matunda yaliyoanguka. Huyo akikoma kuja, ni habari. Papilio dardanus naye hupita huko. Dume ni la manjano lenye mikia, majike hayana mikia na yana sura nyingi za kuiga aina zenye sumu, kiasi kwamba zamani yalihesabiwa kuwa aina tofauti mpaka Roland Trimen alipothibitisha mwaka 1869 kwamba ni majike wa kipepeo mmoja.

Kuna viumbe ambao ni afadhali picha yao isiseme ilipigwa wapi. Kwenye msitu mdogo wa Kimboza, wa hekta 400 hivi mashariki ya mlima, yumo mjusi mdogo, Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa na huyo huyo Loveridge mwaka 1952. Dume ni la buluu ya kung'aa, na huishi kwenye mikadi tu. Uzuri wake umemponza. Wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani walimtaka, wakusanyaji wakakata mikadi kumpata, na mwaka 2016 mataifa yanayosimamia mkataba wa CITES yaliamua kuharamisha kabisa biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini. iNaturalist, mtandao ulioanza 2008 ambao wengi hutunzia picha zao, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Kundi la WhatsApp halifichi mahali palipotajwa, na simu huweza kuandika kimyakimya latitudo na longitudo ndani ya faili halisi la picha. Kwa kipepeo wa mlimau hakuna neno. Kwa mjusi wa Kimboza au kinyonga wa mlimani, zima huduma hiyo ya mahali kabla ya kupiga picha.

Watu huuliza pia kama kuna pesa. Jibu limeshajaribiwa pwani na Usambara. Mradi wa Kipepeo pale Gede, Kenya, ulianza 1993 ukinunua kutoka kwa wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke pupa za vipepeo na kuziuza kwenye maonyesho ya vipepeo hai ng'ambo. Amani, Usambara Mashariki, walifuata nyayo hizo, na familia nyingi zikapata ada za shule kutokana na pupa. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa zikaingia kwenye kapu moja na nyani na mijusi. Soko likafungwa ghafla. Naona sababu za marufuku hayo, kisa cha Kimboza kikiwa kimojawapo, lakini kipepeo anayetaga mayai mengi kwenye banda la mwanakijiji na mjusi anayeng'olewa msituni hawastahili hukumu moja. Kwa Morogoro somo ni kwamba anayetarajia kipato kutokana na bustani asitegemee kusafirisha chochote chenye uhai. Mgeni anayelala siku moja zaidi ili apige picha asubuhi ni soko dogo, lakini halihitaji kibali cha kusafirisha.

Kinachotishia jambo lote hili ni pevingi. Nyumba mpya za Kihonda na Nane Nane zinajengwa uzio wa tofali, ua unamwagwa matofali ya saruji ukuta hadi ukuta, na kinachobaki ni vyungu viwili vya maua ya dukani kando ya geti. Kabla ya hapo ulikuwapo ua wa udongo uliofagiwa ukang'aa, na sababu yake kuu ni nyoka. Sitaki kuidharau sababu hiyo. Swila na kifutu wapo Morogoro, na mtoto anayecheza jioni ni wa kwanza kukutana nao. Lakini kuwaondoa nyoka mlangoni hakulazimu kuondoa kila jani. Eneo la mita kadhaa kuzunguka nyumba likiwa wazi, na mchongoma na lantana ya uzio wa nyuma ikiwa imepogolewa chini ili ardhi ionekane, hofu inapungua sana. Mbu nao hutajwa. Yule anayeleta dengue huzaliana kwenye makopo, matairi na vyombo vyenye maji, kwa hiyo fagio lianzie huko. Komba anayelia usiku juu ya mpapai na kinyonga kwenye bogonvilia hawana hatia yoyote. Kinyonga hasa anauawa kwa imani tu, huku yeye ndiye anayekula nzi wa jikoni.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga, nisingeanza na orodha ya kila kiumbe cha kila ua. Ningeanza na nyua tatu: moja Kihonda kwenye tambarare kavu, moja Kilakala chini ya mlima, na moja Tegetero au Kinole upande wa mashariki unaopokea mvua nyingi. Mwaka mzima, vuli hadi vuli, wenye nyua wapige picha aina mbili tu, Danaus chrysippus na mwigaji wake, asubuhi moja kila juma, na kuandika sura ya kila mmoja. Sura isiyo na ncha nyeusi ndiyo inayotawala maeneo makavu ya kaskazini mashariki mwa Afrika. Kama inaongezeka Kihonda wakati wa kiangazi bila kuongezeka Kinole, au kama inavuka mlima ikiwa na majuma machache ya kuchelewa, picha za simu zitatosha kuonyesha. Gharama ni bando na uvumilivu. Kikwazo ninachokiona ni jembe: jike wa misippus hutaga kwenye Portulaca oleracea, gugu lile la majani manene linalotambaa ambalo palizi ya vuli huling'oa kabla ya mengine yote, kwa hiyo kila mwenye ua atapaswa kubakiza mita chache za mraba bila kupalilia angalau hadi mwisho wa Januari.